Mshtuko Usio na Kelele

Katika Kiswahili cha Unguja neno mshtuko lina sauti. Mtu hushtuka kwa radi, kwa habari ya msiba, kwa nyoka aliyejikunja chini ya makuti. Hupiga ukelele, hushika kifua, hutaja jina la Mola wake. Kisha hukalishwa kitako, hupepewa, huletewa maji ya kunywa, na baada ya kitambo moyo hurudi mahali pake. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ilipozama meli ya Spice Islander katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, kisiwa kizima kilishtuka kwa maana hiyo, na hapakuwa na nyumba iliyohitaji kufafanuliwa neno.

Ndani ya wodi za hospitali neno hilo hilo limepewa kazi nyingine. Muuguzi anapoandika kwamba mgonjwa ameingia katika mshtuko, hasemi habari ya hofu. Anasema kwamba damu haifiki tena inakotakiwa kufika. Kwamba ubongo, figo na matumbo vimeanza kukosa oksijeni, na kwamba jambo hilo lisipokatizwa litaishia mautini. Mgonjwa mwenyewe huenda hakupiga hata ukelele mmoja. Huenda amelala kimya, anaitika salamu, anauliza kama mbuzi wamefungwa. Hapo ndipo panapozaliwa hatari ambayo haimo katika damu wala katika moyo, bali imo katika lugha: jamaa waliozoea mshtuko wenye kelele hawautambui ule ulio kimya, na wakielezwa kwamba ndugu yao ana mshtuko, hupumua kwa faraja, kwani mshtuko kwao ni jambo linalopita.

Waswahili hawakulianza kosa hili. Waingereza nao walilipata neno lao kwa mlango wa tafsiri, pale kitabu cha mpasuaji wa Kifaransa Henri-François Le Dran kuhusu majeraha ya risasi kilipofasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1743. Mfasiri alichagua neno la kishindo na mtikisiko, na kishindo hicho kikabaki katika vitabu vya utabibu hata baada ya wataalamu kufahamu kwamba jambo lenyewe ni la mzunguko wa damu wala si la kutikisika. Wafasiri wa Kiswahili walipofika zamu yao, walilikuta neno limeshakaa, nao wakachukua la karibu nalo. Kwa kamusi hawakukosea. Waliokosa ni wale wazee wanaokaa kwenye benchi nje ya wodi, ambao hawakuulizwa neno hilo wanalisikiaje.

Mangapwani iko kilomita ishirini na kitu kaskazini ya Mji Mkongwe, katika Wilaya ya Kaskazini B. Wageni huletwa huko kutazama pango lenye maji matamu, na chumba kilichochimbwa katika mawe ya matumbawe ambamo, baada ya biashara ya watumwa kupigwa marufuku mwaka 1873, watu waliendelea kufichwa wakingojea majahazi ya usiku. Wenyeji, baada ya kuwaonesha wageni njia ya kwendea, hurejea kwenye nyavu zao, mihogo yao na minazi yao. Hapo ndipo anapoishi muuguzi mmoja mstaafu, mwanamke aliyesomea kazi yake Mbweni na kuifanya kwa zaidi ya miaka thelathini. Wakubwa kwa wadogo humwita Sista, ijapokuwa ana wajukuu wanaokaribia kuoa. Vijana wanaosomea uuguzi wakija likizo hupita kwake alasiri, naye, akiwa na upawa mkononi au anachambua mchele, huwauliza maswali ambayo vitabu vyao havikuwauliza.

Mfano wake ni mmoja siku zote, nao ni wa mkwezi. Hakuuchagua kwa bahati. Katika kijiji cha minazi hakuna asiyemjua mtu aliyeanguka, na aghalabu ya walioanguka waliinuka wenyewe.

Mkwezi, basi, ameanguka saa tatu asubuhi. Ubavu wa kushoto umepiga kwenye kisiki. Ameinuka, amejikung'uta mchanga, amecheka na wenzake kwa aibu. Ngozi imechubuka kidogo. Ndani, wengu umepasuka na damu inavuja tumboni, mahali ambapo hakuna jicho linaloiona. Mtu mzima wa kilo sabini ana damu ya lita tano hivi. Ikimtoka robo tatu ya lita, mara nyingi huwezi kumtofautisha na mwenzake aliyesimama kando. Vitabu huita hapa hatua ya kwanza: chembe za mwili zimeanza kupungukiwa na oksijeni, zinatengeneza nguvu kwa njia ya dharura inayoacha asidi nyuma yake, lakini hakuna kinachoonekana kwa nje. Huyu ndiye anayepelekwa nyumbani kulala.

Kufika saa nne mwili umeshajua. Sista hupenda kukaa sana katika hatua hii ya pili, ya mwili kujitetea, na ni haki yake, kwa kuwa hapa ndipo kazi ya muuguzi ina thamani kuliko popote. Adrenalini imemwagika katika damu. Moyo unakwenda mbio ili kile kidogo kilichobaki kizunguke mara nyingi zaidi. Mishipa ya ngozi na ya matumbo imejibana ili damu ielekezwe kwenye ubongo na kwenye moyo wenyewe. Ndiyo maana mikono imekuwa ya baridi na paji la uso lina jasho, hali jua ni kali. Figo zimeamriwa kuzuia maji, mkojo umepungua, na kiu imeingia. Mkwezi anaomba maji. Anapumua haraka kidogo. Ana wasiwasi asioweza kuueleza.

Na presha yake ni nzuri. Hili ndilo linalowahadaa wanafunzi, na si wanafunzi peke yao. Mwili unaojitetea vyema unaweza kuishikilia presha mpaka damu iliyopotea inakaribia asilimia 30, yaani lita moja na nusu, kisha ukaiachia kwa mara moja. "Presha ni shahidi anayechelewa mahakamani," husema Sista, na akiona kijana anaandika maneno hayo kwenye daftari humkataza, akamwambia aandike badala yake ni mambo gani ya kutazama. Kushika kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo, na kuhisi pia kama yamejaa au ni membamba kama uzi. Kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, si kwa robo dakika ikazidishwa mara nne. Kubonyeza ukucha, kuuachia, na kutazama wekundu unarejea baada ya muda gani. Ukipita sekunde tatu, kuna jambo. Kutazama pengo kati ya namba ya juu ya presha na ile ya chini, kwani namba ya chini hupanda kwanza mishipa inapojibana, na pengo likawa dogo kabla ya namba ya juu kushuka. Kupima mkojo: mtu mzima anayetoa chini ya mililita 30 kwa saa, figo zake zinapata damu haba. Na kumtazama usoni, na kumuuliza jina la mtoto wake wa mwisho.

Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachohitaji mashine kubwa. Vinahitaji mtu aliyekaa, mwenye saa, anayerudi kila baada ya dakika kumi na tano, na anayeandika. Namba moja ya mapigo haina habari kubwa. Habari imo katika namba tatu zilizoandikwa moja chini ya nyingine na mkono ule ule.

Hatua ya tatu huja pale ulinzi unapochoka. Presha inashuka. Moyo wenyewe sasa haupati damu ya kutosha, unadhoofika, na kwa kudhoofika unazidi kujinyima. Mishipa midogo iliyojibana inalegea na kuvujisha maji. Mapafu yanalowa. Damu inasahau kuganda, na mwili uliopoa unaifanya isahau zaidi; baridi, asidi na kutoganda kwa damu hushikana mikono, kila kimoja kikimsukuma mwenzake. Ubongo unakosa oksijeni na mgonjwa anabadilika tabia. Yule kijana mpole anatupa shuka, anataka kuondoka, anamsukuma mama yake. Hapa tena lugha huingia na tafsiri yake: wapo wasemao kapandwa na kitu, aitwe mtu wa kumsomea, litafutwe kombe. Sista hakuwahi kumkataza mtu kusoma dua pembeni ya kitanda. Alichokataza ni gari kusubiri dua imalizike. Waambieni, husema, asomewe njiani. Hakuna aya iliyoshuka kwamba asomewe akiwa hapa tu.

Juu ya hatua ya nne hana maneno mengi. Ni pale viungo vimekwisha kuharibika kiasi ambacho hata damu yote iliyopotea ikirudishwa, havirudi. Hakuna kengele inayolia mgonjwa anapouvuka mpaka huo. Wenye kujua kwamba umevukwa hujua baadaye.

Tiba ya mkwezi inajulikana. Alazwe chali, apewe oksijeni, njia ya hewa ilindwe asije akapaliwa na matapishi. Afunguliwe mishipa miwili kwa sindano pana, mapema, kabla mishipa haijazama. Damu ichukuliwe ya kupimia kundi. Afunikwe apate joto, maana mtu anayepoa huvuja zaidi, na wengi husahau hili kwa sababu ya joto la kisiwa. Asinywe kitu, kwa kuwa anaelekea kwenye kisu. Damu itafutwe, mpasuaji aitwe. Maji ya dripu atapewa, lakini kwa kiasi: yanaujaza mshipa bila ya kubeba oksijeni, na yakizidi huipunguza damu nguvu ya kuganda. Kinachomtibu ni kufungwa pale panapovuja.

Ni juu ya kile kikombe cha maji ndipo mabishano mengi ya wodini huanzia. Mzee wa mgonjwa husimama akasema, "Mwanangu Sista, huyu kashtuka tu. Mpe maji anywe, atatulia." Nesi kijana hujibu kwa ukali, na heshima ikavunjika pande zote mbili. Jibu la Sista lilikuwa jingine: "Baba, samahani. Hakushtuka huyu. Damu haimfiki mwilini, ndiyo maana ana kiu. Akinywa sasa, madaktari watashindwa kumlaza wampasue. Nisaidie kumshika mkono, uniambie ukizidi kuwa baridi." Mzee aliyepewa kazi hakai kwenye benchi akinung'unika. Na katika maneno hayo neno la kitaalamu halikutumika hata mara moja, ila kwa kukanushwa.

Si kila mshtuko ni wa mkwezi. Moyo uliopata pigo unaweza kushindwa kusukuma damu iliyopo, na mgonjwa wa namna hiyo akimiminiwa maji mengi atazama ndani ya mapafu yake mwenyewe. Aliyeumwa na nyuki au aliyechomwa dawa inayomdhuru, mishipa yake hufunguka yote kwa dakika chache na koo likavimba; huyo dawa yake ni adrenalini katika msuli wa paja, papo hapo, na kila kitu kingine kinaweza kusubiri. Aliyeingiwa na vijidudu katika damu anaweza kuwa na mikono ya moto badala ya baridi mwanzoni, akamhadaa hata mzoefu. Anataka antibiotiki ndani ya saa ya kwanza. Jina ni moja, milango ni mingi, na anayetibu jina bila ya kuuliza limeingilia mlango gani atamdhuru mtu.

Suala la maji lina historia ndefu ambayo Unguja imo ndani yake. Mwaka 1832, kipindupindu kilipoingia Uskoti, daktari Thomas Latta wa mji wa Leith alimtia mwanamke mzee maji ya chumvi mshipani. Mwanamke huyo alikuwa amekwisha kuonekana wa kufa. Sauti ilirudi, mapigo yalirudi, uso ukapata rangi. Latta akaamini kazi imekwisha, akaondoka. Kuhara kukarudi, na katika saa chache mgonjwa akafa bila ya kuongezewa maji. Latta aliandika habari hizo katika jarida la The Lancet mwaka ule ule. Waliosoma wengi walitazama maji. Mtu wa uuguzi akisoma habari ile hutazama zile saa chache.

Njia hiyo iliachwa kwa miongo mingi. Kipindupindu kilipoushukia mji wa Unguja mwaka 1869 na kuendelea hadi 1870, watu walikufa kwa maelfu, na mikono ya matabibu haikuwa na kitu. James Christie, daktari aliyekuwa akiishi mjini wakati huo, alikusanya habari za maradhi hayo na njia za misafara na majahazi yaliyoyabeba, akazichapisha London mwaka 1876 katika kitabu ambacho bado husomwa na wanahistoria wa pwani hii. Maiti wa kipindupindu ni maiti wa mshtuko, wa aina iliyo wazi kuliko zote: maji yametoka, damu imekuwa nzito na haba, macho yamedidimia, vidole vimekunjamana kama vya mfuaji. Akirudishiwa maji yake upesi, yule yule aliyekuwa akitayarishiwa sanda anaweza kuketi kesho yake akaomba uji. Kipindupindu kiliporudi Zanzibar katika mwaka 2015 na 2016, kazi kubwa ya wauguzi katika kambi za matibabu ilikuwa hiyo hiyo ya kupima kilichotoka na kurudisha kilichotoka, kwa mshipa kwa waliozidiwa, na kwa maji ya chumvi na sukari kwa wanaoweza kunywa.

Kwa hiyo mtu akaamini kwamba maji ni rehema kwa kila mshtuko, na imani hiyo ikafundishwa kama sheria. Jaribio lililoivunja halikufanyika London wala Boston. Lilifanyika hapa hapa: Kilifi katika pwani ya Kenya, Muheza upande wa pili wa bahari kutoka Unguja, na hospitali nne za Uganda. Watoto 3,141 waliokuja na homa kali na dalili za damu kutofika vizuri mwilini, wengi wao wakiwa na malaria, waligawanywa katika makundi. Kundi moja lilipewa maji ya chumvi kwa wingi na kwa haraka, kundi jingine maji yenye albumini, na la tatu halikupewa maji ya haraka, bali kiasi cha kawaida tu, polepole, pamoja na dawa za maradhi yao na damu kwa waliohitaji. Majaribio yalisimamishwa kabla ya wakati mwanzoni mwa 2011, na matokeo yakachapishwa mwaka huo huo. Ndani ya saa 48 walikuwa wamefariki asilimia 7.3 ya watoto wasiopewa maji ya haraka. Katika makundi mawili yaliyopewa, walifariki asilimia 10.6 na 10.5.

Tofauti ya watoto watatu katika kila mia, na waliokufa zaidi ni wale waliotendewa wema mwingi zaidi. Wengine katika nchi tajiri hawakuamini, wakatafuta kasoro. Wauguzi waliokuwa wameshika zile dripu kwa mikono yao walikuwa na jambo zito zaidi la kufikiri kuliko kasoro za hesabu. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha maelekezo yake kwa watoto wa namna hiyo mwaka 2016. Watoto wanaoharisha hawakuwamo katika jaribio lile, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua au kuumia. Kwa mtoto wa kipindupindu maji bado ni uhai. Lakini tangu hapo nesi wa pwani hii, akiona mtoto wa homa mwenye mikono ya baridi, haruhusiwi tena kufungua dripu yote kwa kuwa ni desturi. Anapaswa kwanza kuuliza amekosa nini mtoto huyu: maji, au damu, au ni moyo uliochoka? Kisha ampe kidogo kidogo, arudi amtazame, asikilize mapafu, aguse ini chini ya mbavu kama limeongezeka.

Walakini kama kuna mshtuko mmoja unaostahili kuogopwa kuliko yote katika vijiji vya Kaskazini, ni wa mama aliyejifungua. Mwili wa mja mzito umeongeza damu yake kwa karibu asilimia 40, akiba aliyopewa kwa ajili ya saa ile. Akiba hiyo ni neema na pia ni pazia. Mama anaweza kupoteza lita nzima, naye anatabasamu na mtoto kifuani, presha nzuri, mkunga amegeuka kuosha vyombo. Damu yenyewe imefyonzwa na kanga, na godoro, na pamba. Imechanganyika na maji ya uzazi. Na jicho, kila mara, husema ni kidogo. Si kwa uzembe. Jicho la binadamu halikuumbwa kupima kitu kilichomwagika juu ya kitambaa.

Hilo limepimwa. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, kwa wanawake zaidi ya laki mbili. Katika nusu ya hospitali wakunga waliendelea kukisia kwa jicho. Katika nusu nyingine waliwekewa wazazi shuka la plastiki lenye mfuko uliochorwa alama za vipimo, na mara damu ilipofika alama ya hatari walifanya mambo yote kwa pamoja bila ya kusubiri moja lishindwe: kusugua mfuko wa uzazi ukaze, oksitosini, asidi ya traneksamiki, maji ya mshipani, na kuchunguza damu inatoka wapi. Hakukuwa na dawa mpya hata moja ndani yake. Waliokisia kwa jicho waligundua asilimia 51 tu ya kina mama waliotokwa na damu kupita kiasi. Waliotumia mfuko waligundua asilimia 93. Na wale walioingia katika hali mbaya kabisa, ya kupoteza lita nzima au zaidi, kupasuliwa kwa sababu ya kutoka damu, au kufa kwayo, walipungua kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6.

Sista, aliyezalisha kwa miaka mingi kabla ya mifuko hiyo kujulikana, alipoelezwa habari hizi na mjukuu wa jirani yake hakushangaa kwa lile la dawa. Alikaa kimya juu ya ile hamsini na moja. Wale arubaini na tisa waliobaki katika kila mia, alisema, walikuwa wameshapongezwa.

Siku hizi lipo pia vazi la kuzuia mshtuko, la kitambaa kizito cha kunyumbuka, ambalo humfungwa mama kuanzia vifundo vya miguu hadi tumboni, likakamua damu ya miguu kuirudisha juu kwenye moyo na ubongo. Haliponyi. Linanunua saa. Kwa mtu wa Mangapwani saa ina maana yake mahususi: ni kituo cha afya cha karibu, kisha hospitali ya wilaya, kisha, kama damu au mpasuaji hayupo, Mnazi Mmoja. Barabara ya leo si ile ya zamani ya mawe na mashimo, na hospitali mpya za wilaya zimeifupisha safari kwa wengi. Hata hivyo, iwe ni saa moja au nusu yake, ndani ya gari hakuna daktari, na jamaa wawili watatu wanaomshika mgonjwa ndio wauguzi wake.

Kwa hao Sista ana maagizo machache, na huyarudia harusini na msibani bila ya kuona haya. Alale chali, asiketishwe kwa kupepewa. Ila akiwa anatapika, alale ubavu, na akiwa anahema kwa taabu ya kifua, muacheni akae anavyoweza. Kama damu inaonekana, ibonyezwe kwa kitambaa na mkono usiondolewe kila mara kwa ajili ya kutazama. Afunikwe kanga mbili. Asipewe kitu mdomoni. Mwenye simu apige mbele wajue anakuja, na atangulie mtu mwenye damu ya kutoa. Na mmoja achukue karatasi.

Hiyo karatasi ndiyo anayoipigania kuliko yote. Iwe kipande cha daftari la skuli, au nyuma ya kadi ya harusi. Kwa mkwezi wa mfano wake huiandika mwenyewe mbele ya wanafunzi, kwa mkono wa taratibu: saa 3:00 kaanguka, kapiga ubavu wa kushoto. Saa 3:40 mapigo 92, presha 122 kwa 76. Saa 4:10 mapigo 108, presha 120 kwa 84, kaomba maji. Saa 4:25 mapigo 124, presha 118 kwa 92, mikono baridi, hajakojoa tangu alfajiri. Daktari wa zamu akiitazama presha ya mwisho peke yake ataona mtu mzima asiye na neno. Akiusoma mstari chini ya mstari, hataomba namba ya nne. Ataomba damu, na atauliza nani kaandika hii.